Vifaa Vije na Michoro Yake

Kila mwaka Serikali na wananchi wa Visiwa hivi hutoa fedha nyingi kununulia vifaa vinavyotumia umeme: taa za jua, redio, simu, televisheni, kompyuta za skuli na mashine za hospitali. Vifaa hivyo hushuka bandarini vikiwa vipya, vimefungwa vizuri katika maboksi yake, pamoja na kijitabu kinachoeleza namna ya kuviwasha. Aghalabu kitu kimoja hakimo katika maboksi hayo. Hamna mchoro unaoonyesha namna kifaa kilivyoundwa, wala orodha ya vipuri vyake, wala maelezo ya kumwezesha fundi kukifungua, kuitambua kasoro na kuiondoa. Kwa maoni yetu upungufu huo ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, na wakati umefika wa kuuzungumza hadharani.

Tunalotaka kulisema ni hili. Kifaa kinachonunuliwa kwa fedha za umma hakina budi kije na michoro yake. Na pale inapowezekana, Visiwa hivi vijiunge na wale wanaobuni vifaa ambavyo michoro yake iko wazi kwa watu wote, ili mafundi wetu na watumiaji wetu wawe na sauti katika uundaji wa vitu wanavyovitegemea kila siku.

Wako watakaosema kwamba hilo ni wazo geni. Si geni hata kidogo. Televisheni ya Zanzibar ilianza kutangaza mwezi wa Januari 1974, ikawa ya kwanza ya rangi katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Seti za redio na televisheni za zama hizo mara nyingi zilikuja na mchoro wa saketi uliobandikwa ndani ya kifuniko cha nyuma au uliokunjwa ndani ya kijitabu. Kila kipande kilikuwa na nambari yake. Fundi aliyejua kusoma mchoro aliweza kuifuata njia ya umeme kutoka kwenye transfoma mpaka kwenye spika, akapima kituo baada ya kituo, akakipata kilichoungua na kutia kingine. Watengenezaji hawakuliona hilo kuwa wizi. Walilihesabu kuwa ni sehemu ya huduma anayostahili mnunuzi.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Leo betri ya simu hugandishwa kwa gundi. Skrubu huwa na vichwa visivyoingia bisibisi ya kawaida. Vipande vingine hufutwa nambari ili visijulikane. Programu iliyomo ndani hufungwa kwa namna ambayo hata kipuri halisi chaweza kukataliwa kikiwa kimetiwa na mtu asiyeruhusiwa na kiwanda. Michoro imekuwa siri. Fundi wa Darajani au wa Chake Chake hujikuta akinunua simu mbovu tatu ili apate vipande vya kuponyea moja, tena kwa kubahatisha. Fundi huyu hakupungukiwa akili wala ustadi. Amepungukiwa karatasi ambayo mwalimu wake aliipata bure.

Hasara yake haiishii kwa fundi. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme katika mwaka 2022, na katika hizo ni asilimia 22.3 tu ambazo iko hakika kwamba zilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nchi kubwa yaweza kuficha taka zake katika bonde la mbali. Kisiwa hakina bonde la mbali. Risasi na zebaki zinazotoka katika vifaa vibovu zikiingia ardhini, huingia katika ardhi ile ile tunayochimba visima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Watu wote hao wanategemea maji yaliyo chini ya miguu yao.

Sasa tueleze hao wanaofanya vingine ni akina nani, na wanafanya nini. Wengi wanakwisha kusikia habari za programu huria za kompyuta, yaani programu ambazo maandishi yake yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Vifaa huria ni jambo hilo hilo likipelekwa katika vitu vya kushikika. Anayekibuni kifaa hutoa hadharani mchoro wa saketi, mpangilio wa bodi, orodha ya vipuri, vipimo vya kasha na programu inayokiendesha. Hutoa pia leseni inayosema waziwazi kwamba yeyote anaruhusiwa kukitengeneza, kukibadilisha na hata kukiuza. Mwaka 2011 wabunifu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya maana rasmi ya kifaa huria. Mwaka huo huo CERN, ambayo ni taasisi ya utafiti wa fizikia iliyoko Geneva, ilitoa leseni iliyotungwa mahususi kwa ajili ya michoro ya vifaa.

Mfano ulio mashuhuri ni ule wa Arduino. Mwaka 2005, katika mji mdogo wa Ivrea nchini Italia, Massimo Banzi na wenzake walikuwa wakifundisha katika chuo cha usanifu. Wanafunzi wao hawakuwa wahandisi, lakini walihitaji bodi ndogo ya kuendeshea taa, mota na vipima joto. Msingi ulikuwa umekwisha kuwekwa na mwanafunzi wa chuo hicho kutoka Kolombia, Hernando Barragán, kwa kazi yake iliyoitwa Wiring. Chuo kilikuwa karibu kufungwa, na walimu walihofu kwamba kazi yote ingepotea pamoja nacho. Waliamua kuitoa michoro hadharani ili isiweze kuzikwa na mtu yeyote. Matokeo yake ni kwamba bodi hiyo ilienea duniani kote, ikaigwa na viwanda vingi, ikafundishiwa katika skuli na vyuo. Wenyewe walibaki na jina lao: mtu anaruhusiwa kuitengeneza bodi, lakini haruhusiwi kuiuza kwa jina la Arduino. Oktoba 2025 kampuni ya Marekani, Qualcomm, ilitangaza kwamba itainunua kampuni hiyo. Lolote litakaloamuliwa na wenye mali wapya, michoro iliyokwisha kutolewa imo mikononi mwa watu, na hakuna awezaye kuirudisha kabatini.

Tazama jinsi jambo moja lililo wazi linavyozaa jingine. Mwaka huo huo wa 2005, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza, Adrian Bowyer, alianzisha kazi aliyoiita RepRap: mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kujenga umbo la kitu tabaka juu ya tabaka, na inayoweza kuchapa sehemu kubwa ya vipande vya mashine nyingine ya aina yake. Mwaka 2008 mashine ya kwanza ilifanikiwa kutoa vipande vyote vya plastiki vya mwenzake. Michoro ilikuwa wazi, na mbao za umeme zilizotumika katika mashine nyingi za jamii hiyo zilijengwa juu ya msingi wa Arduino. Watu wa nchi nyingi walijiunga: mmoja alirekebisha mkono wa mashine, mwingine akapunguza idadi ya skrubu, wa tatu akaandika maelezo bora. Mwaka 2013, mjini Lomé nchini Togo, fundi Kodjo Afate Gnikou alionyesha mashine ya namna hiyo aliyoiunda kwa kutumia vipande vya kompyuta na vichapishi vilivyotupwa. Hakumwomba mtu ruhusa, kwa maana ruhusa ilikuwa imekwisha kutolewa.

Habari hizi si za mbali nasi. Hapo Bara, Taasisi ya Afya ya Ifakara na mafundi wa Dar es Salaam wameshirikiana na watafiti wa Bath katika kazi ya darubini ya maabara iitwayo OpenFlexure. Mwili wa darubini hiyo huchapwa kwa plastiki, kamera yake ni ndogo na ya bei nafuu, na meza yake husogezwa kwa hatua zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa darubini kama hiyo mtaalamu aweza kutazama vijidudu vya malaria katika damu. Katika makala waliyoichapisha mwaka 2020, watafiti hao walieleza kwamba darubini zaidi ya 100 zilikuwa zimechapwa na kuunganishwa Tanzania na Kenya. Sababu waliyoitoa yafaa isomwe na kila afisa wa manunuzi: vifaa vya maabara vinavyotoka ng'ambo vikiharibika hukaa bila ya kazi kwa kukosa vipuri na wataalamu, ilhali kifaa kinachotengenezwa pale pale kinapotumika hupona pale pale.

Tumesema ushiriki wa watu, na yafaa tueleze maana yake, kwa kuwa neno hilo hutumiwa ovyo. Haitoshi kuwakusanya watu katika mkutano wa shehia, kuwaonyesha kifaa kilichokwisha kuundwa, na kuwauliza kama wanakipenda. Ushiriki wa kweli una daftari la kasoro lililo wazi. Mtumiaji huandika kilichomsumbua. Fundi hupendekeza marekebisho katika mchoro. Wale waliopewa dhamana ya kuutunza mchoro huyapima mapendekezo, wakayakubali au wakayakataa kwa sababu zilizoelezwa. Kisha toleo jipya hutolewa likiwa na nambari yake, ili kila mtu ajue ni lipi alilo nalo. Kazi hiyo inataka subira na nidhamu, na faida yake huonekana polepole.

Chukua mfano wa taa ya wavuvi wa dagaa. Mvuvi wetu hutoka usiku na taa ya kuwavutia samaki. Taa iliyobuniwa na mtu asiyejua bahari yetu haidumu, kwa sababu mvuke wa chumvi huingia ndani, ukala miguu ya vipande na kuozesha miungo ya risasi. Mvuvi anajua ni baada ya miezi mingapi taa huanza kufifia. Fundi akiifungua anajua ni mahali gani kutu ilipoanzia. Wote wawili wanaweza kushauri kwamba bodi ipakwe vanishi ya kuzuia unyevu, kwamba skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwamba mpira wa kuzibia uwe mnene zaidi. Mchoro ukiwa siri, maarifa hayo hufia Mkokotoni. Mchoro ukiwa wazi, huingia katika toleo linalofuata, yakamfaa mvuvi wa Pemba, wa Mafia, wa Lamu na wa Ngazija, ambao bahari yao ni hii hii.

Wala tusidhani kwamba hatuna pa kuanzia. Huko Kinyasini, Kaskazini Unguja, akina mama kutoka vijijini, ambao wengi wao hawakupata elimu ndefu ya skuli, wamefunzwa kuunganisha na kutengeneza mitambo midogo ya umeme wa jua, wakarejea vijijini kuwasha taa katika nyumba za jirani zao. Vyuo vya mafunzo ya amali viko Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iko Mbweni. Mikono ipo na madarasa yapo. Kinachohitajika ni kazi ya pamoja ya kuviunganisha, na ruhusa ya kisheria ya kuifanya.

Kisiwa kina sababu ya ziada ya kujali jambo hili. Hakuna haja ya kuwakumbusha wasomaji wetu yaliyotokea mwezi wa Mei 2008, wakati umeme utokao Bara ulipokatika na Unguja ikakaa gizani kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Wala yale ya Desemba 2009, wakati giza lilipodumu takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Katika siku hizo kila mtu alielewa maana ya kutegemea waya mmoja ulio chini ya bahari. Waya mpya mkubwa zaidi ulilazwa baadaye, na tunashukuru. Lakini utegemezi wa vifaa ni waya mwingine, nao hauonekani. Kiwanda kikifunga milango, au kikiamua kwamba kifaa fulani kimepitwa na wakati, maelfu ya vifaa hufa kwa siku moja hali ya kuwa havina ugonjwa wowote. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa masikini.

Hilo si tishio la kubuni. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani iliyoitwa Pebble ilichangiwa na umma zaidi ya dola milioni 10 ili itengeneze saa za mkononi zinazozungumza na simu. Ilipofika Desemba 2016 kampuni hiyo ilikufa, na mali zake zikachukuliwa na kampuni nyingine. Huduma za kuziendesha saa hizo zilipozimwa mwaka 2018, zilizobaki hai zilibaki hai kwa sababu watumiaji wenyewe walikuwa wamekusanyika, wakaandika programu zao na kuanzisha huduma zao badala ya zile zilizokufa. Waliifanya kazi hiyo kwa kupapasa gizani, maana programu ya asili ilikuwa bado imefungiwa. Haikutolewa hadharani mpaka Januari 2025, na kampuni ya Google ambayo ilikuwa imeirithi. Lau ingekuwa wazi tangu mwanzo, watu hao wasingepoteza miaka wakitafuta walichokuwa wamekilipia.

Kwa upande mwingine, haifai tuwe wepesi wa kuamini kila anayejiita huria. Kampuni ya MakerBot ya New York ilianzishwa mwaka 2009 juu ya msingi wa kazi ya RepRap. Watu wengi waliipa mawazo na marekebisho yao bila ya malipo, wakijua kwamba michoro ni ya wote. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilitoa mashine mpya na kuificha michoro yake. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa kampuni kubwa. Waliochangia waliona uchungu, na walikuwa na haki. Funzo lake ni kwamba leseni si jambo la kupuuza. Iko leseni inayomruhusu mtu kuchukua na kufunga, na iko inayomlazimu kila anayechukua na kuboresha ayatoe maboresho yake kwa masharti yale yale. Kazi itakayogharimiwa na umma wa Visiwa hivi ichague hiyo ya pili.

Tunajua kwamba yako mashaka, na ni haki yajibiwe. Shaka ya kwanza ni kwamba hakuna mfanyabiashara atakayetia fedha zake katika kitu ambacho jirani anaweza kukiiga. Jibu ni kwamba mfanyabiashara wa vifaa huria huuza ubora wa kazi yake, jina lake, wepesi wa huduma na uhakika wa vipuri. Wauzaji wa mkate hawana siri ya mkate, na bado wako wanaonunuliwa kuliko wengine. Lakini tukubali kwamba njia hiyo ina ugumu wake: anayebuni hutumia gharama, na anayeiga huuza kwa bei ya chini. Ndiyo sababu tunasema kwamba kazi ya kwanza igharimiwe na fedha za umma na vyuo, ambavyo havitafuti faida ya haraka.

Shaka ya pili ni ya usalama. Umeme huua, na betri za lithiamu zikifungwa vibaya huwaka moto. Shaka hii ni ya kweli, na haiondolewi kwa kuficha michoro. Kwa hakika michoro iliyo wazi humrahisishia mkaguzi kazi yake, kwa kuwa anaona kilichomo badala ya kukisia. Iko pia hiari ya kuchagua betri zisizo na hatari kubwa, hata kama ni nzito zaidi. Taasisi ya Viwango Zanzibar ipewe nafasi ya kupima kila toleo kabla halijaingia nyumba za watu, na fundi asiyefunzwa asiruhusiwe kugusa umeme mkubwa kwa kisingizio cha uhuria.

Shaka ya tatu ni kwamba hatuwezi kutengeneza kila kitu. Ni kweli. Vipande vidogo vyenye akili vilivyomo ndani ya kila kifaa hutoka katika viwanda vichache vya dunia, vinavyogharimu mabilioni ya dola, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayependekeza kimoja kijengwe Fumba. Hatusemi kwamba tujitenge na dunia. Tunasema kwamba kati ya kipande kidogo kinachonunuliwa na kifaa kizima kinachotumika, kuna kazi kubwa ya kubuni, kuunganisha, kupima, kutengeneza na kurekebisha. Kazi hiyo yaweza kufanywa na vijana wetu, na ndiyo inayoleta maarifa.

Kwa hiyo, tunatoa mapendekezo manne kwa wakuu wa Serikali.

La kwanza, kila zabuni ya vifaa vinavyonunuliwa kwa fedha za umma iwe na sharti la michoro ya saketi, orodha ya vipuri, maelekezo ya utengenezaji na ahadi ya muda ambao vipuri vitapatikana. Kifaa kiweze kufunguliwa kwa vyombo vya kawaida vya fundi. Mwenye kuuza kifaa huria apewe alama za ziada. Na pale ambapo muuzaji hataki michoro yake isambae, basi nakala yake iwekwe amana Serikalini, ifunguliwe siku atakapofilisika au atakapoacha kutoa huduma.

La pili, tuanze na kifaa kimoja tu. Sisi tunapendekeza taa ya jua yenye mahali pa kuchajia simu, kwa sababu inahitajika shamba na baharini, saketi yake si ngumu, na wako watu waliokwisha kujifunza kuitengeneza. Chuo kimoja kipewe dhamana ya kutunza michoro. Wavuvi, wakulima wa mwani na walimu wa vijijini wapewe matoleo ya kwanza, pamoja na njia rahisi ya kueleza kasoro zake. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, michoro na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Maelezo mengi ya vifaa huria yaliyopo duniani yako kwa lugha za kigeni, na fundi aliyejifunzia kazi dukani kwa bwana wake hawezi kuyafaidi. Baraza la Kiswahili la Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa wakae pamoja na mafundi wenyewe, wayaweke maandishini maneno ambayo mafundi wanayatumia tayari, kabla hatujatungiwa mengine na watu wasioijua kazi.

La nne, itungwe sheria ya haki ya kutengeneza. Jimbo la New York lilitia saini sheria yake Desemba 2022. California ikafuata mwaka 2023. Na Umoja wa Ulaya ulipitisha yake mwaka 2024, ukazipa nchi wanachama hadi Julai 2026 kuanza kuitekeleza. Nchi hizo ni tajiri, zinaweza kununua vipya, na bado zimeona hasara ya kutupa vinavyotengenezeka. Sembuse sisi.

Asitokee mtu akasema kwamba Visiwa ni vidogo mno kuweka sharti kama hilo. Vidogo hivi vilikuwa na televisheni ya rangi miaka 20 kabla Bara haijawa na televisheni ya aina yoyote. Vidogo hivi vilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikafanya hivyo mwaka 2019. Walikuwapo waliocheka mwanzoni, kisha wakaiga.

Kwa wananchi nasi tuna neno. Unaponunua taa au redio, muulize muuzaji: kikiharibika kitatengenezwa na nani, na michoro yake iko wapi? Huenda asiwe na jibu leo. Akiulizwa na watu 100 kwa mwezi, ataanza kumwuliza aliyemletea mzigo. Kwa mafundi, tunawaomba mfundishane mnayoyagundua badala ya kila mmoja kuyafungia katika droo yake, kwa kuwa siri ya fundi ikizidi huwa haina tofauti na ile ya kiwanda.

Tunarudia kwamba hatuombi msaada wa mgeni wala hatumlaumu. Tunaomba kwamba fedha zetu zinapotoka, maarifa yaingie. Serikali inayo kalamu ya zabuni mkononi mwake. Iitumie katika mwaka huu wa fedha, ianze na kifaa kimoja, na iwaachie mafundi wa Unguja na Pemba waonyeshe wanachokiweza wakiwa na mchoro mezani.